Mwani kwenye soseji na mipira ya samaki: ikigoma kushika, tafuta tatizo hapa

Wasindikaji wadogo wa samaki wanaojaribu mwani, iwe Ggaba, Katosi au Masese, kwenye mialo ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, hulalamika kwa maneno yanayofanana: unga umewekwa kama walivyoelekezwa, soseji zimetoka kwenye maji ya moto zikiwa na umbo zuri, kisu kikipita zinameguka. Mara nyingi mwani hauna kosa. Kosa liko kwenye samaki, barafu, chumvi au moto. Mwani unakunywa maji na kubadilisha uzito wa rojo, kwa hiyo udhaifu uliokuwa umejificha unajitokeza siku hiyohiyo unapoanza kuutumia.

Mwongozo huu unafuata dalili. Tazama kilichoharibika, kisha nenda kwenye kichwa chake. Ila soma kwanza sehemu mbili zinazofuata, maana bila hizo utakuwa unabahatisha.

Kinachoshikilia soseji

Nyama ya samaki ina protini za misuli, na kubwa kati yake ni mayosini. Ukisaga minofu baridi pamoja na chumvi, protini hizo hutoka kwenye nyuzi za nyama na kuyeyuka. Ndipo nyama iliyosagwa inapoacha kuwa punje punje na kuwa rojo linalong'aa na kunata. Ukilipika, protini hushikana na kufuma wavu, na maji hunaswa ndani yake. Uthabiti wote wa soseji, mpira wa samaki au kababu ya kukata vipande unatokana na wavu huo.

Mwani huja kujaza matundu. Karaginani iliyomo ndani yake huvimba, hushika maji yaliyotaka kuvuja, na ikipoa hutengeneza jeli yake katikati ya jeli ya samaki. Wavu usipofumwa, hakuna matundu ya kujaza: unabaki na uji wa mwani wenye vipande vya samaki ndani.

Ziwani kwetu hakuna mwani. Wa karibu hutoka Unguja na Pemba, ambako kilimo chake kilianza mwaka 1989, au pwani ya Kenya, kama Kibuyuni huko Kwale. Wanaolima hutaja aina mbili, na usikubali kuuziwa kabla ya kuambiwa ni ipi. Spinosamu, yaani Eucheuma denticulatum, hutoa karaginani ya iota: jeli laini, inavutika, inavumilia friza. Kotonii, yaani Kappaphycus alvarezii, hutoa karaginani ya kapa: jeli ngumu, inakatika kwa urahisi na ina tabia ya kutoa maji. Kotonii huwa ghali zaidi, tena maji ya bahari yakipata joto sana huugua na kufa, kwa hiyo si ajabu muuzaji akakupa spinosamu na kuiita kotonii. Kwa soseji zitakazoingia friza, mimi ningechagua spinosamu hata kama bei zingelingana.

Kisha kuna namna unavyoupata: majani makavu, unga wa mwani mzima, au karaginani iliyosafishwa kiwandani. Vipimo vyake havifanani. Kwa kilo 10 za rojo, anza na gramu 30 hadi 50 za karaginani iliyosafishwa, au gramu 100 hadi 150 za unga wa mwani mzima. Anayetumia kipimo cha unga mzima kwenye karaginani safi atapata kitu cha kudunda sakafuni.

Kwanza pika sampuli mbili

Usibadilishe chochote kabla ya jaribio hili. Kabla ya kutia mwani, toa kilo moja ya rojo kwenye mchanganyiko uleule. Ijaze kwenye maganda au mifuko ya unene uleule, iweke alama, ipike sufuria moja na zile zenye mwani. Zote zilale kwenye friji. Asubuhi kata vipande vya unene wa milimita 3, kunja kipande katikati, kisha kunja tena kiwe robo.

Kisichopasuka kikikunjwa mara mbili ni kizuri. Kinachopasuka mkunjo wa pili kinauzika. Kinachopasuka mkunjo wa kwanza kina tatizo, na kinachosagika vidoleni hakina wavu kabisa.

Sasa linganisha. Zote mbili zikimeguka, achana na mwani, tatizo ni la samaki, chumvi au moto. Isiyo na mwani ikikunjika na yenye mwani ikimeguka, tatizo ni aina, kiasi au maji ya mwani. Zote zikikunjika vizuri na bado wateja wanalalamika, uharibifu unatokea baada ya kupika, na hapo friza ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka.

Usifanye jaribio hili soseji zikiwa moto. Karaginani hushika ikipoa, kwa hiyo soseji ya moto yenye mwani itaonekana legevu hata kama ni nzima.

Dalili: inameguka, haikunjiki

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, na ina vyanzo vingi kuliko nyingine zote. Vifuate kwa mpangilio.

Anza na samaki. Sangara mzima bei yake inasukumwa na viwanda vya minofu ya kusafirisha nje, kwa hiyo msindikaji mdogo huishia kununua mgongo wazi na kukwangua nyama iliyobaki mifupani. Hakuna ubaya, lakini nyama hiyo ina damu nyingi, mafuta na vimeng'enya vinavyokata protini. Mgongo uliokaa juani kwenye beseni tangu asubuhi hautengenezi jeli, hata uuwekee mwani wote wa Paje kule Unguja. Nunua uliolala kwenye barafu, kwangua siku hiyohiyo, kisha osha nyama iliyosagwa: sehemu moja ya nyama kwa sehemu tatu au nne za maji safi ya barafu, koroga dakika 5 hadi 10, acha itulie, mwaga maji ya juu pamoja na mafuta yanayoelea. Rudia mara mbili au tatu. Maji ya mwisho yatiwe chumvi kidogo, gramu 2 hadi 3 kwa lita, ili nyama iachie maji unapoikamua kwa kitambaa. Ukikwangua sato mbichi kutoka kwenye vizimba, mara nyingi kuosha mara mbili kunatosha.

Kisha uliza kilichowekwa kwenye samaki kabla hajasagwa. Mama mmoja anayeuza mipira ya samaki alileta rojo lililokataa kunata hata baada ya kusagwa upya. Samaki alikuwa mbichi, barafu ipo, chumvi imepimwa.

"Mama, samaki huyu umemwosha na nini?"

"Na ndimu, mwanangu. Shombo litatokaje bila ndimu?"

Kwa samaki wa kukaanga alikuwa sahihi kabisa. Kwa jeli, ndimu ni sumu ya kazi. Uchachu huigandisha protini kabla ya chumvi kuiyeyusha. Utaona nyama inageuka nyeupe pembeni, na hapo haifumi tena wavu. Tena ukipika mwani ndani ya kitu kichachu, joto na asidi huikata karaginani vipande vifupi visivyoshika maji. Pigo mbili kwa ndimu moja. Shombo litolewe kwa kuosha na maji ya barafu, na ndimu ikae mezani kwa mlaji.

Tatu, chumvi na zamu yake. Kwa kilo 10 za rojo inahitajika gramu 200 hadi 250. Chini ya hapo protini haiyeyuki vya kutosha. Wengi hupunguza chumvi wakisema mwani tayari una chumvi yake, na wanakosea: mwani uoshwe chumvi itoke, ya samaki ibaki palepale. Zamu nayo ina maana. Saga nyama peke yake, tia chumvi, saga mpaka rojo linate, ndipo wanga, viungo na mwani vifuate. Unga wa mwani ukitangulia, unayanywa maji ambayo protini ilikuwa inayahitaji ili iyeyuke. Kujua kama rojo limefika, lowesha kidole, chovya, inua: rojo zuri hupanda na kidole na kuacha ncha iliyosimama. Likidondoka au likijitenga na maji, bado.

Nne, joto wakati wa kusaga. Sangara na sato ni samaki wa maji ya joto, kwa hiyo protini zao ni sugu kuliko za samaki wa bahari za baridi, lakini usiichezee bahati hiyo. Weka rojo chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Likipita 15, simamisha mashine na lirudishe kwenye barafu. Hapa ndipo mwani unapoingia kwenye kesi kwa mara ya kwanza. Unga wake hulifanya rojo kuwa zito, kisu cha mashine kinasuguana nalo zaidi, na joto hupanda haraka kuliko ulivyozoea. Aliyekuwa akisaga dakika kumi bila shida, akiweka mwani na kusaga dakika kumi zilezile, anaweza kuwa ameanza kulipika rojo ndani ya mashine. Kipimajoto cha kuchoma cha jikoni kinatosha kazi hii. Vidole havitoshi, maana vikishakufa ganzi kwa barafu vinaona kila kitu baridi.

Dawa ni barafu iliyopondwa. Kila gramu 100 za unga wa mwani mzima zipewe gramu 600 hadi 800 za barafu juu ya maji ya kawaida ya mapishi yako, halafu ongeza au punguza kwa kuangalia rojo.

Tano, moto. Kuna eneo la hatari kati ya nyuzi 50 na 65. Hapo vimeng'enya vya samaki huamka na kuukata wavu unaofumwa. Soseji ikikaa kwenye joto hilo muda mrefu hutoka laini, na hakuna kupika zaidi kutakakoirudisha. Sasa fikiria upishi wetu wa kawaida: sufuria kubwa, maji baridi, soseji zote ndani, sigiri chini. Mkaa unapanda polepole na soseji zinapita katika eneo la hatari kwa mwendo wa kinyonga.

Tumia masufuria mawili. La kwanza liwe na maji ya nyuzi 40. Soseji zilale humo nusu saa hadi saa nzima, ili protini zianze kushikana taratibu. La pili liwe tayari na maji ya nyuzi 85 hadi 90. Zihamishe moja kwa moja, chache chache ili maji yasipoe, na zipike mpaka katikati ya soseji ifike angalau 80. Kwa soseji ya kawaida dakika 20 hadi 30 zinatosha. Karaginani nayo inahitaji joto hilo la juu ili iyeyuke na kutoka kwenye mwani. Soseji iliyotolewa katikati ikiwa nyuzi 65 ina mwani ambao haujafanya kazi yoyote.

Usitumie mchemko kama kipimo. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, iliyo juu zaidi milimani, maji huchemka kwenye nyuzi chache zaidi. Mapishi yaliyoandikwa Mombasa yanayosema "chemsha dakika kadhaa" hayasemi jambo lilelile ukiwa mlimani. Tena mchemko mkali hupasua maganda.

Nyama ya mgongo wazi ikiendelea kulainika hata kwa masufuria mawili, tia ute wa mayai, kama gramu 300 kwa kilo 10. Ute hupunguza nguvu ya vimeng'enya hivyo. Ni gharama, lakini ni nafuu kuliko kutupa sufuria zima.

Baada ya yote hayo ndipo tunafika kwenye kiasi cha mwani. Unga wa mwani mzima una nyuzinyuzi nyingi, na ukizidi, nyuzi hizo hukaa katikati ya protini na kuzizuia zisikutane. Ukipita gramu 200 kwa kilo 10 na jeli ikalegea badala ya kukaza, rudi nyuma. Kuongeza mwani ili kuikaza jeli iliyolegezwa na mwani ni kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya, kwa sababu akili inasema kikazacho kidogo kikizidi kitakaza zaidi.

Dalili: ngumu, inakatika kwa sauti, haivutiki

Hapa jeli ipo, ila ni ya aina isiyotakiwa. Mtuhumiwa ni kapa. Ulinunua kotonii au karaginani ya kapa na ukaweka nyingi, au kuna potasiamu kwenye mchanganyiko. Potasiamu huikaza kapa kwa nguvu, na inaweza kuingia kwa njia mbili usizozitarajia: mwani usiooshwa, ambao chumvi zake nyeupe zinazokauka juu ya majani zina potasiamu nyingi, na ile chumvi ya dukani ya wagonjwa wa presha, ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu.

Osha mwani. Rudi kwenye chumvi ya kawaida. Punguza kapa hadi nusu na ujazie spinosamu. Mchanganyiko wa aina mbili mara nyingi hutoa soseji inayokata vizuri na bado inavutika kidogo mdomoni. Ukiwa na wanga wa mahindi kwenye mapishi yako, badilisha uwe wa muhogo, ambao huwa laini zaidi ukipoa. Muhogo upo kila mahali na hakuna sababu ya kununua wa mahindi.

Dalili: maji kwenye pakiti

Uliza kwanza maji yameonekana lini. Yakionekana kesho yake, soseji ikiwa kwenye friji tu, basi kapa imejikunja na kuyasukuma maji nje, au uliweka maji mengi kuliko wavu unavyoweza kubeba. Kwa rojo la samaki aliyeoshwa, maji yote pamoja, ya ndani ya nyama na uliyoongeza, yasizidi sana asilimia 80 ya uzito. Nyama iliyooshwa na kukamuliwa vibaya tayari imebeba maji mengi. Ukiongeza barafu ya mwani juu yake bila kupunguza kwingine, umevuka.

Yakionekana baada ya friza, hadithi ni nyingine. Friza la nyumbani hugandisha polepole, na barafu inayojengeka polepole huwa na fuwele kubwa zinazochana wavu. Kisha umeme unakatika mchana, soseji zinaanza kulainika, unarudi usiku, zinaganda upya. Kila mzunguko unachana zaidi. Iota huvumilia kuganda na kuyeyuka kuliko kapa, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua spinosamu kwa soko letu. Lakini hakuna mwani unaoweza kuokoa soseji iliyoganda na kuyeyuka mara nne katika wiki.

Panga pakiti bapa, safu moja, zisigusane mpaka zigande, ndipo uzirundike. Jaza friza, nafasi tupu ijaze kwa chupa za maji yaliyoganda, zitashikilia baridi umeme ukiondoka. Sukari ya gramu 300 hadi 400 kwa kilo 10 huilinda protini isiharibiwe na kuganda. Viwanda vya surimi, yaani nyama ya samaki iliyosagwa na kuoshwa, hutumia hiyo pamoja na kitamu kiitwacho sobitoli. Utamu utausikia kidogo. Watoto hawalalamiki, ila mwenye hoteli anaweza kulalamika.

Dalili: punje, vidonge vya unga, kitu kinachokwaruza meno

Tofautisha matatu. Vidonge laini vinavyoteleza ni unga uliomwagwa kwa mkupuo kwenye rojo lenye maji: nje umelowa na kufunga, ndani umebaki mkavu. Changanya unga huo kwanza na wanga mkavu au sukari, kisha unyunyize huku mashine ikizunguka.

Punje ngumu zenye rangi ni mwani uliosagwa vibaya. Majani makavu yanayouzwa pwani huwa bado na unyevu mwingi, yanapinda bila kukatika, na kwenye mashine ya posho yanashikana badala ya kusagika. Yaoshe, yakaushe tena mpaka yavunjike kwa sauti, saga, chekecha kwa chekecheo la kitambaa. Unga ukiwekwa wazi hapa kwetu unavuta unyevu wa hewa na kuwa donge, hivyo utunze kwenye chombo kinachofunga barabara.

Asiye na kinu kizuri ana njia nyingine, na binafsi naipenda zaidi. Loweka majani yaliyooshwa usiku mzima, yachemshe kwa maji kidogo mpaka yayeyuke kuwa uji mzito, yapige kwenye blenda, yaache yagande kwenye friji. Kesho yake ukwangue jeli hiyo baridi na kuitia kwenye rojo badala ya sehemu ya barafu. Karaginani imeshatoka kwenye majani, huna wasiwasi wa punje, na rojo halipati joto sana kwenye mashine. Kasoro yake ni kwamba jeli hiyo haikai; itumie ndani ya siku mbili.

Kinachokwaruza meno ni mchanga. Mwani uliokaushwa chini ufukweni huja nao. Uliokaushwa juu ya chanja huwa safi zaidi, na muuzaji mwaminifu atakuambia ni upi. Loweka, tikisa, toa mwani kwa juu. Usimwage beseni lote kwenye chujio, maana mchanga ulioshuka chini utaurudisha juu ya mwani.

Dalili: rangi ya kijivu au kijani, harufu ya pwani

Rangi ya kijivu kwa kawaida ni damu ya samaki ambayo haikuoshwa. Sampuli isiyo na mwani itakuonyesha. Rangi ya kijani kibichi iliyofifia au kahawia ni mwani. Loweka, anika juani, lowesha tena, anika tena. Jua hufifisha rangi vizuri, na baada ya siku chache mwani hubaki wa rangi ya krimu. Anayetaka soseji nyeupe kabisa anunue karaginani iliyosafishwa, hakuna ujanja mwingine.

Harufu ni suala la mlaji. Mtu aliyekulia kwa sato wa ziwani huishtukia harufu ya bahari upesi kuliko mtu wa Tanga. Kuanika na kubadilisha maji ya kulowekea mara kadhaa hupunguza sehemu kubwa. Tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga hufunika kilichobaki. Lakini harufu kali ya mafuta yaliyooza haitoki kwenye mwani. Hiyo ni mafuta ya tumbo la sangara yaliyogeuka, na nyama hiyo isingepaswa kusagwa.

Dalili: chungu au chumvi kupita kiasi

Mwani haukuoshwa. Chumvi za potasiamu ndizo zinazoacha ule uchungu wa metali nyuma ya ulimi. Onja maji ya kulowekea; yakiwa hayana ladha tena, mwani uko tayari.

Dalili: matundu ya hewa ndani

Rojo zito la mwani hushikilia hewa. Libonyeze kwenye beseni kwa kiganja kilicholowa kabla ya kujaza, jaza bila kusimama simama, na choma kwa sindano pale unapoona kiputo chini ya ganda.

Dalili: inateleza na kunuka kabla ya muda

Mwani hauzuii kuoza. Unashika maji, na hayo maji bado yanapatikana kwa bakteria. Baada ya kupika, zipoze haraka kwenye maji ya barafu safi, kausha, pakia, friji ya nyuzi 4 au chini. Soseji zilizopozwa kwa kuachwa mezani jioni nzima zisiingizwe sokoni, ziwe na mwani au zisiwe nao.

Lebo, na wanaouliza kuhusu kijani cha ziwani

Ukienda kutafuta alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, orodha ya viungo lazima itaje ulichotia. Karaginani iliyosafishwa ina namba E407. Mwani wa kundi hili uliosindikwa nusu ni E407a. Unga wa mwani mzima uandike kwa jina lake. Ni vizuri pia mlaji aone wazi kwamba kuna mwani, kwa sababu una madini joto, na chumvi yetu ya dukani tayari imetiwa hayo. Mwenye ugonjwa wa tezi la shingo anahitaji kujua. Mwani mwekundu wa aina hizi mbili una kidogo kuliko ule wa kahawia wa bahari za baridi, lakini kidogo si sifuri.

Na swali linalorudi kila mara: kwa nini tulipie nauli ya mwani kutoka pwani wakati Ziwa Viktoria lina kijani tele? Ule utando wa kijani unaotanda Murchison Bay na kwenye ghuba nyingine si mwani wa karaginani na hautengenezi jeli yoyote. Ni bakteria wa kijani-buluu. Baadhi yao hutoa sumu inayoitwa maikrosistini, inayoshambulia ini, na kuchemsha hakuiondoi. Gugumaji nalo halina karaginani. Maji ya kuoshea samaki yasichotwe ziwani penye utando huo, na barafu isitengenezwe kwa maji hayo.